Moyo Upige Haijafa, Nyar Asembo

Nyar Asembo,

Nianze na habari ambayo ungeniuliza kabla hata ya salamu. Moyo Upige, chama chetu, haijafa.

Wiki iliyopita nilikuwa Seme, nikasimama penye kaburi lako na la mwanao Omondi, nikataka kukuambia haya kwa mdomo. Lakini mama mkwe wako alikuwa hapo karibu anapalilia mihogo, na mimi unanijua, siwezi kufungua moyo mtu mwingine akisikiliza. Ndiyo maana naandika. Nimekaa dukani hapa Migosi, cherehani nimeifunika, na wazazi waliokuja kuchukua sare za watoto nimewaambia warudi kesho.

Mengi yamebadilika tangu uende. Nitayasema kwa utaratibu wangu, yaani bila utaratibu. Wewe ndiye uliyejua kupanga maneno.

Unakumbuka tulivyokutana? Atieno wangu alikuwa ameletwa wadi ya watoto akiwa amevimba uso na miguu. Alikuwa akisoma Awasi, akikaa na nyanya yake. Koo lilimuuma, likapoa, tukasahau. Kumbe ugonjwa ulikuwa umeshuka chini, ukala vali za moyo. Mimi sikujua moyo una vali. Vali nilizozijua ni za gurudumu la baiskeli. Wewe ulikuwa kitanda cha pili na Omondi, ambaye alizaliwa na tundu moyoni, midomo ikigeuka zambarau kila akilia. Hatukujuana hata kwa jina. Nilikuwa nimeketi nimefunika uso na leso, na wewe ukasukuma sahani ya samaki mpaka ikagusa goti langu. "Kula, Nyar Kano," ulisema. "Mtoto mgonjwa anataka mama mwenye nguvu." Sikuwa nimekuambia kwamba mimi ni binti wa Kano. Ulinitambua kwa namna nilivyomsalimia nesi, ukasema watu wa Kano huvuta maneno kama wanavuta ng'ombe kwenye matope.

Wadi ilipojaa watoto wetu walilazwa kitanda kimoja, kichwa huku na kichwa kule. Omondi alimtangazia daktari kwamba Atieno ni bibi yake. Atieno, kwa kuwa alikuwa mkubwa, alikubali ndoa hiyo kwa sharti moja: mume aache kumpiga mateke usingizini. Wadi nzima ilicheka. Nimewahi kucheka sehemu nyingi nzuri, lakini kicheko cha siku ile ndicho ninachokikumbuka.

Halafu Omondi akangoja zamu yake ya kupasuliwa Nairobi. Harambee ilikuwa imefanywa. Walitoa wauza samaki wenzako, kanisa likatoa, watu wa Seme wakatoa, hata mimi niliyekuwa na mgonjwa wangu nilitoa kidogo. Zamu ikasogezwa mbele, ikasogezwa tena. Alifariki asubuhi, ukimnywesha uji.

Hapo sitaandika zaidi. Wewe ulikuwepo.

Lakini mazishi nitayaandika, kwa sababu kila mama mpya akiniuliza Moyo Upige ilianza vipi, humwambia ilianza matangani, na huwa haniamini. Mlikuwa mmeketi chini ya turubai na wakwe zako. Mimi nilikuwa nyuma na wanawake tunaosugua sufuria. Okumu, ndugu wa marehemu mume wako, alisimama akasema ile pesa ya harambee iliyobaki ni ya boma. Matanga yamekula, alisema, na nyumba ya kaka yake haina paa la maana. Okumu si mtu mbaya. Alisema alichoona ni haki, na wazee walitikisa vichwa kukubaliana naye.

Ukasimama. Udongo wa kaburi ulikuwa bado kwenye viatu vyako.

"Watu walitoa hii pesa kwa sababu ya moyo wa mtoto," ulisema. "Wangu amelala. Kuna mwingine Migosi bado anapumua. Pesa itaenda kwake."

Hukupaza sauti, na hukuongeza neno. Okumu alichukua kofia yake akaondoka, na tangu siku hiyo mpaka ukafa hakukusemesha tena. Mimi nilibaki na sufuria mkononi, maji yanamwagika miguuni. Hukuwa umeniambia kitu. Mimi, mama yake Atieno, nilisikia habari za mtoto wangu pamoja na wageni wengine wote, nikiwa na masizi mpaka kwenye viwiko.

Ndivyo Atieno alivyopelekwa Nairobi akawekewa vali mpya. Na wewe ulikuja. Umetoka kumzika wako, ukakaa nami kwenye benchi nje ya thieta tukinywea chai kifuniko kimoja cha thamosi. Daktari alipotoka akasema moyo wa msichana umeanza kupiga wenyewe, wewe ulicheka kabla yangu. Kisha ukasema unaenda kutafuta choo. Nilikusikia nyuma ya jengo. Nilitaka kukufuata, nikaona nikuache. Mtu huhitaji mahali pa kulilia mtoto wake bila kuharibu furaha ya mwingine, na wewe ulikuwa umeenda kupatafuta mahali hapo.

Tuliporudi Kisumu hukunipa nafasi hata ya kupumzika. Ulikuja hapa dukani, ukakalia kiti cha wateja, ukasema, "Haya, sasa tufanye kazi." Nikadhani unataka kushonewa nguo. Ulikuwa unataka kuanzisha chama cha mama wote tuliolala nao kwenye sakafu ya wadi ile. Nilipendekeza tukiite jina la Omondi. Ulikataa papo hapo. Ulisema mama akileta mtoto mgonjwa asipokelewe mlangoni na jina la mtoto aliyekufa. Tukahangaika na majina mpaka wewe mwenyewe ukasema kitu ambacho sisi sote tunataka ni kimoja tu, moyo upige. Likabaki hilo.

Kazi tuligawana bila kukubaliana. Wewe uliongea, mimi nilishona. Ulibisha kila mlango wa mji huu, kanisani, msikitini, kwenye maduka ya Wahindi, kwa madaktari ambao hawakuwa na muda, na mimi nilisimama nyuma yako nimeshika mkoba. Nilikuwa nimezoea hivyo. Nilidhani itakuwa hivyo siku zote.

Ulikuwa unawagombeza mama wa watu kwa kusahau dawa za watoto, na dawa zako za presha zilikuwa zinakaa kwenye kabati zimefungwa vile vile zilivyotoka kliniki. Nimekukasirikia kwa hilo. Bado nimekasirika kidogo, nakuambia ukweli. Ulianguka Asembo Bay asubuhi ukichagua dagaa wa omena, na gari lilipofika Kisumu ulikuwa umeshaenda.

Baada ya kukuzika tulikutana, wanachama wote, kwenye ule ukumbi mdogo wa kanisa. Wengi walitaka tugawane kilichopo kila mtu aende nyumbani. Hawakusema kwa ubaya. Walikuwa wamechoka kulia. Mmoja aliuliza nani sasa ataingia kwenye ofisi za watu kutuombea, na wote wakatazama sakafu. Nami nilikuwa natazama sakafu. Nikaona miguu yangu imesimama. Nilisema nitajaribu kuongea mimi, mkinivumilia. Sauti ilitoka ndogo mpaka waliokuwa nyuma wakaniambia nirudie. Nikarudia. Ndivyo nilivyokuwa mwenyekiti, Nyar Asembo, kwa kurudia sentensi moja.

Nimejifunza. Bado natokwa jasho kabla ya kubisha mlango, lakini nabisha. Tumesajiliwa rasmi sasa, ile kazi uliyoanza na ukaiacha katikati. Alitokea mheshimiwa mmoja, sitamtaja, akaniita ofisini kwake. Alikuwa tayari kutusaidia sana. Alitaka picha yake kwenye fulana zetu, sawa, hilo ningelimeza. Lakini alitaka pia watu wake ndio wachague mtoto gani atangulie. Nilimwambia watoto wanapangwa na daktari, anayeumwa zaidi ndiye wa kwanza. Akacheka, akaniuliza kama ninajua ninamkataa nani. Nikasema ninamjua vizuri, hata kura nilimpigia. Nikatoka, nikarudi kuwaambia wanachama. Baadhi ya wenzetu walininunia kwa muda mrefu. Mmoja aliondoka na hajarudi. Ningekuwa na wewe ungewaambia neno wakacheka wakasahau. Mimi sina neno hilo. Nilivumilia tu mpaka wakachoka kununa.

Sasa nikupe habari ya Zuhura. Hii ndiyo niliyotaka kukuambia pale kaburini.

Aliletwa na nyanya yake, Bi Mariamu wa Kaloleni, anayeuza mahamri karibu na msikiti. Mtoto hana mama. Ugonjwa wake ni ule ule wa Atieno, vali zimeliwa, na alipofika hapa alikuwa analala ameketi kwa sababu akilala chali anakosa pumzi. Tulihangaika naye kliniki mpaka kwa daktari wa meno, maana walisema meno yaliyooza yanaweza kupeleka uchafu moyoni na lazima yang'olewe kwanza. Bi Mariamu alidhani tumechanganyikiwa. Alisema amemleta mtoto wa moyo na sisi tunang'ang'ana na mdomo. Kisha bahati ikafunguka: madaktari wageni wa moyo walikuwa wanakuja Kisumu kwa wiki moja, na Zuhura akapata nafasi. Hakuna tena safari ya Nairobi. Tulifurahi mapema mno.

Siku mbili kabla ya upasuaji nesi aliniita pembeni. Benki ya damu ilikuwa karibu tupu. Upasuaji wa moyo hunywa damu nyingi, na bila damu ya kutosha mtoto hataingizwa thieta. Wageni wasingengoja. Nafasi ingepewa mwingine au ingepotea tu.

Sijui kama nimewahi kutembea vile. Nilienda kanisani, wakatoka watu, lakini wengi walirudishwa, huyu ana damu nyepesi, huyu ana presha, huyu uzito hautoshi. Bi Mariamu alizungumza na imamu, naye akasema baada ya swala, na vijana wa Kaloleni walikuja kweli, Mungu awabariki. Bado haikutosha. Kuna waliosema damu huuzwa. Kuna mwanamume mwenye mwili kama lori aliyeniambia anaogopa sindano. Jioni niliwapigia simu wauza samaki wenzako, wa Asembo na wa Seme, nikawaambia tu hali ilivyo. Sikuomba vizuri. Nililia kwenye simu, na salio likaisha nikiwa bado nalia.

Asubuhi nilifika hospitalini nikiwa nimejiandaa kumwambia Bi Mariamu kwamba imeshindikana. Benchi la benki ya damu lilikuwa limejaa wanaume. Walikuwa wamevaa buti za mpira, wananuka ziwa, magamba ya samaki bado mikononi, na nesi alikuwa anawapa sabuni waoshe. Waliokosa nafasi walikuwa wamechuchumaa kando ya ukuta. Na wa kwanza kabisa kwenye benchi, mkono wa shati umeshakunjwa, alikuwa Okumu.

Nilisimama mbele yake. Tangu matanga ya Omondi nilikuwa nimemwona mara moja tu, siku ya kukuzika wewe, na hatukusalimiana.

"Nimekuja na wavuvi wa bichi nzima," alisema. "Wale ambao hawakutaka, nimewaambia mitumbwi haitaingia majini mpaka watoe damu."

Alitolewa damu akiwa ametazama dari. Baadaye nilimpelekea soda, tukakaa. Alikunywa nusu. Kisha akasema, "Ile siku, shemeji alisema ukweli. Mimi ninapita pale kaburini kila asubuhi nikienda ziwani, na kila asubuhi ninataka kumwambia. Hainitoki." Nikamwambia mimi nitakuambia. Aliitikia kwa kichwa, akamaliza soda, akawakusanya watu wake wakaondoka.

Basi nimekuambia. Mpokee.

Zuhura aliingia thieta siku iliyofuata. Bi Mariamu alikaa na tasbihi yake, mama zetu wa kanisa wakaimba kwa sauti ya chini, na hakuna aliyeona ajabu. Mimi nilikaa kwenye benchi na thamosi ya chai. Nilimimina kikombe kimoja nikanywa, na ilikuwa chungu kwa sababu nilisahau sukari, na nikakumbuka wewe ndiye uliyekuwa ukitia. Daktari alipotoka akasema moyo unapiga, hakucheka mtu. Bi Mariamu alipiga magoti pale pale koridoni, mimi nikamshika bega, tukabaki hivyo mpaka mfagiaji akatuomba kwa adabu tumpishe.

Sasa mtoto analala chali. Bi Mariamu anasema humwamsha mara kwa mara kuhakikisha, na mtoto hukasirika.

Si wote, Nyar Asembo. Sitakuficha. Kulikuwa na Baraka, mtoto mchanga wa mama mmoja kutoka Awasi kwetu. Tulimpata amechelewa, na tulipokuwa tunamtafutia nafasi akatuacha. Nilienda kuzika. Mama yake aliniuliza kama tungefika mapema angepona. Nilitamani uwe hapo unijibie. Nilimwambia sijui. Nikamwambia nitarudi, na nilirudi, na wiki ile nyingine nikarudi tena. Sasa anazunguka kliniki za kule Awasi, akiona mtoto anayechoka haraka au anayenyonya huku akitoka jasho ananipigia simu. Watatu tayari wameonekana mapema kwa sababu yake. Sikumwomba. Alianza mwenyewe, kama ulivyoanza wewe.

Tumekodi chumba kando ya duka langu. Tumeweka magodoro na jiko la gesi, ili mama anayetoka mbali asilale kwenye veranda ya hospitali akingojea kliniki ya asubuhi. Wanawake walitaka uchorwe ukutani, picha yako kubwa. Nilikataa. Niliwaambia ulivyosema kuhusu majina ya wafu mlangoni. Walikasirika kidogo, kisha wakapaka ukuta rangi ya njano, na kwa kweli chumba kimependeza.

Atieno amenipita urefu. Anameza dawa zake kila siku bila kugombezwa. Vali yake ni ya chuma, na kukiwa na utulivu husikika inalia tik, tik. Kwenye mtihani msimamizi alizunguka darasa lote akitafuta nani ameingia na saa. Alipofika kwake akamwambia aitoe. Atieno akamjibu, "Mwalimu, hii haitoki." Darasa zima liliangua kicheko, na mwalimu alipoelewa akaomba msamaha mpaka akawa yeye ndiye anayefarijiwa.

Naona wateja wamerudi wanachungulia dirishani. Lazima nimalize.

Siwezi kukuahidi kwamba watoto wote watapona. Wewe mwenyewe ungenikatiza nikiahidi hivyo. Ninachokuahidi ni hiki: mtoto yeyote atakayefikishwa mlangoni petu, awe wa Kano au wa Kaloleni, wa Seme au wa ng'ambo ya ziwa, mama yake hatakaa peke yake kwenye lile benchi. Nitakaa naye. Nikishindwa mimi, yuko atakayekaa, nimeshawafundisha. Na mlango ukihitaji kubishwa, nitabisha, na wasiponisikia mara ya kwanza nitarudia.

Kesho naenda Asembo Bay. Kuna mtoto pale, wauza samaki wamenipigia, midomo yake inabadilika rangi akilia. Nimeshapanga na daktari. Nitapita njia ya Seme lakini sitasimama, utanisamehe, mtoto yule amengoja vya kutosha.

Oriti, Nyar Asembo. Kwaheri, dada yangu. Msalimie Omondi, mwambie bibi yake hajambo.

Mimi,
Nyar Kano